Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliokaa na Dada Zetu wa Kilatino

Ndugu wanachama, mama zangu, dada zangu na mabinti,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha salama kwenye mkutano mkuu huu. Tangu tulipoonana mwaka jana tumezika, tumeozesha, tumepokea wajukuu, na kwa kila jambo mmejitokeza kama ilivyo desturi yetu. Waliotangulia mbele ya haki tumewaombea mwanzoni mwa kikao. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari za darasa la Kiswahili la Jumamosi ataeleza mwalimu mwenyewe. Mimi nimeomba muda wangu wote niutumie kwa jambo moja, kwa kuwa ndilo lililobeba mwaka wetu: vikao vya simulizi tulivyofanya na wanawake wa Kilatino, yaani wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini, wa hapa Chicago.

Mtakumbuka kwamba ajenda hii haikupita kwa urahisi. Baadhi yenu mlisema chama hiki ni cha wanawake wanaozungumza Kiswahili, na yetu wenyewe hayajaisha, sasa ya wengine ya nini? Ilikuwa hoja ya haki. Jibu la kamati lilikuwa hili: sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa karibu theluthi moja ya wakazi wa jiji hili ni Walatino. Tunafanya nao kazi hotelini, hospitalini, viwandani na kwenye nyumba za wazee. Watoto wetu wanakaa nao dawati moja. Wametutangulia hapa kwa vizazi kadhaa, na mengi yanayotukwamisha sisi leo yaliwakwamisha wao zamani. Kuuliza si ujinga.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mgeni alisimulia kazi yake, mila za kwao na mtaa wake, kisha mmoja wetu akajibu kwa kusimulia safari yake. Ukalimani ulifanywa na mwenzetu aliyejifunza Kihispania kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na naomba tumpigie makofi, kwani bila yeye tungebaki kutabasamiana tu. Taarifa hii haina picha. Baadhi ya wageni wetu wana wasiwasi wa makaratasi ya uhamiaji, au wana ndugu wenye wasiwasi huo, na kamati iliamua simu zote zibaki mikobani. Walioshiriki wanajua uamuzi huo ulivyowafungua watu vinywa.

Nianze na simulizi lililonigusa kuliko yote. Mama mmoja mstaafu, Mmexico wa mtaa wa Little Village, alitueleza ya mwaka 2001. Mtaa wao ulikuwa umeahidiwa shule ya sekondari tangu mwaka 1998. Upande wa kaskazini wa jiji zikajengwa shule mpya za kuchagua wanafunzi kwa mitihani. Ya kwao haikujengwa, wakaambiwa fedha zimekwisha. Basi tarehe 13 Mei, Siku ya Akina Mama, wakazi 14, wengi wao akina mama na bibi, waliingia kwenye kiwanja kilichotengwa kwa ajili ya shule hiyo, wakapiga mahema na kugoma kula. Walikaa hivyo siku 19.

Mgeni wetu hakuwa miongoni mwa waliogoma. Alikuwa jirani. Kazi yake ilikuwa kuwachukua watoto wa mwenzake shuleni, kuwaogesha, kuwapikia, kisha jioni kuwapeleka mahemani wamwone mama yao. Alituambia kwamba kabla ya kutoka nyumbani alipiga mswaki na kubadili gauni, kwa sababu aliona vibaya kwenda kunukia vitunguu mbele ya mtu mwenye njaa. Shule ilifunguliwa mwaka 2005, kampasi kubwa yenye shule nne ndani yake, na mjukuu wake amesoma hapo. Ukisoma habari za mgomo ule utakuta majina ya walioshinda na njaa, nao wanastahili. Jina la aliyewaogesha watoto hutalikuta. Lakini nani angeweza kulala kwenye hema siku 19 bila kujua watoto wake wamekula?

Tangu jioni ile nilianza kusikiliza kwa sikio jingine, na nikagundua kwamba hakuna mgeni hata mmoja aliyesimulia safari yake ya kazi bila kutaja nani alimshikia watoto.

Hata wale wakubwa ambao dunia nzima inawajua. Dolores Huerta alikuwa mwalimu Stockton, California, akaacha kazi hiyo kwa sababu wanafunzi wake, watoto wa vibarua wa mashambani, walikuja darasani na njaa. Mwaka 1962 yeye na César Chávez walianzisha chama cha wafanyakazi wa mashambani. Ana watoto 11, na alipokuwa safarini kupigania mikataba ya wavuna zabibu, wenzake wa chama ndio waliowalea. Jaji Sonia Sotomayor alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka 9, akalelewa kule Bronx, New York, na mama yake, muuguzi aliyetoka Puerto Rico. Mama huyo alirudi shule mwenyewe akiwa mtu mzima ili apate leseni kamili ya uuguzi. Sonia alipoapishwa mwezi Agosti 2009 kuwa jaji wa kwanza wa asili ya Kilatino katika Mahakama Kuu ya Marekani, aliyemshikia Biblia alikuwa mama yake. Wauguzi wetu mliokuwepo kikao kile, niliwaona mkifuta machozi.

Na tukiwa kwenye uuguzi, kikao cha mwezi wa tatu kilinikosesha usingizi. Mgeni alikuwa muuguzi kutoka Cali, Colombia. Kwao alikuwa ameongoza wodi. Alipofika hapa alianza kwa kusafisha vyoo vya hospitali, akawa msaidizi wa wauguzi, huku akitafsirisha vyeti, akivipeleka vikapimwe, akifanya mtihani wa Kiingereza, mwisho akajisajili kwa mtihani wa leseni, ule wa NCLEX. Kila hatua ina ada yake, na ada haingoji mshahara. Kilichomvusha ni mambo mawili. Mwanamke wa ghorofa ya chini alilala na watoto wake usiku aliokuwa kazini. Na wanawake wa jengo lao walikuwa na mchezo wa fedha. Wamexico wanauita tanda, Waguatemala cuchubal, na unakwenda sawasawa na upatu wetu, au likelemba ya wenzetu wa Kongo: kila mtu anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Mwezi aliotakiwa kulipia mtihani haukuwa zamu yake. Aliyekuwa na zamu akamwachia.

Alipomaliza alitugeukia akauliza swali lake: kati yenu hapa, nani alikuwa na taaluma kwao kabla ya kuja? Palikuwa kimya kidogo. Kisha mkono mmoja ukainuka nyuma karibu na mlango, ukafuata mwingine, na mwingine. Mkunga wa Bukavu. Walimu wa sekondari. Mhasibu wa halmashauri. Fundi wa maabara kutoka Mombasa. Watu ambao tumecheza nao mchezo miaka na miaka, tumewapikia misibani, tumevaa nao sare za harusi, wala hatukujua. Mkunga wetu sasa anafunga maboksi zamu ya usiku. Simsemi vibaya, kazi ya halali ni heshima. Lakini naumia, na nasema wazi naumia, kwamba mikono iliyopokea watoto wachanga inafunga maboksi kwa sababu tu hakuna wa kukaa na watoto wake ili apate saa mbili za kusoma. Na naumia zaidi kwamba alikuwa na aibu kutuambia.

Wageni wetu hawakuwa na aibu hiyo. Aliyefanya usafi wa majumba alisema nimesafisha majumba, akataja na mtaa, kwa sauti ileile aliyomtaja nayo binti yake mhandisi.

Upande wa mila sitachukua muda mrefu, isipokuwa kwa kikao kimoja. Wengi wetu tulikuwa tukidhani Mlatino ni mtu wa sura fulani. Akaja mama wa Kigarifuna kutoka pwani ya Honduras, mweusi kama sisi, na nusu ya ukumbi ikamsalimia kwa Kiswahili! Wagarifuna ni watu wenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa visiwa vya Karibi. Waingereza waliwahamisha kwa nguvu kutoka kisiwa cha St Vincent mwaka 1797 wakawatupa Roatán, kisiwa cha Honduras. Lugha, ngoma na nyimbo zao ziko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu. Alipika hudutu, yaani ndizi zilizotwangwa kwenye kinu na kuliwa na mchuzi wa samaki wa nazi, na mama zangu wa Tanga na Lamu waliuliza mara mbili kama hakufundishwa na mtu wa kwetu.

Mjadala mkali ulikuwa wa muhogo. Wao wana mkate wa muhogo mchungu uitwao ereba, na mwenzetu kutoka Uvira akataka kujua sumu wanaitoaje. Mama yule akaeleza: wanaukuna, wanaujaza kwenye mfuko mrefu uliosukwa, mfano wa kifumbu cha kukamulia tui, wanauning'iniza na kuuvuta kwa chini mpaka maji yote yatoke, kisha wanauchekecha na kuuoka. Mwenzetu akasema sisi tunauloweka siku kadhaa, tunauanika, tunautwanga. Wakabishana ipi inaacha ladha, mmoja akinyoosha mikono juu kuonyesha anavyokamua, mwingine akipiga kinu cha hewani, mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kutukumbusha muda. Mkalimani alikuwa amekwisha kukaa zamani.

Kwa mabinti tulifanya kikao kimoja juu ya Ellen Ochoa, mwanamke wa kwanza wa Kilatino kwenda anga za juu, mwaka 1993. Walichopenda sana ni pale waliposikia kwamba aliomba nafasi mwaka 1985 na hakuchaguliwa mpaka 1990. Tulizungumza pia habari za Pura Belpré wa Puerto Rico, aliyeajiriwa na maktaba ya jiji la New York mwaka 1921 na kuanza kuwasimulia watoto hadithi za kwao kwa Kihispania. Kutokana naye mwalimu wetu wa Jumamosi ameanza kualika bibi mmoja kila mwezi asimulie ngano, na watoto waliokuwa wakijibu "sahani" bibi akisema "paukwa" sasa wanajua jibu ni "pakawa".

Waliokosa vikao wengi ni wa zamu ya usiku, kwa kuwa tulikutana Ijumaa jioni. Kamati inapendekeza Jumapili alasiri.

Sasa yanayohitaji kura zenu. La kwanza, na ndilo ninalolisimamia kwa moyo wangu wote: chama kianzishe zamu ya malezi. Mwanachama anayesomea leseni au cheti aandikishe jina kwa katibu, na wenzake wa mtaa wake wapangiwe kukaa na watoto wake kwa saa anazosoma, mpaka afanye mtihani. Kina mama mliostaafu, nimekwisha kuzungumza na baadhi yenu na mko tayari. La pili, katika mchezo wetu kila mwaka nafasi mbili zitengwe kwa ajili ya ada za mitihani, na anayezichukua arudishe kama kawaida. La tatu, kila mwanachama anayeridhia aandike au arekodi safari yake, kwa Kiswahili cha kwao, cha Kigoma, cha Goma au cha Malindi, ili itunzwe na katibu na itumike katika darasa la watoto. Mkunga wetu amekubali kuwa wa kwanza kwenye zamu ya malezi na wa kwanza kurekodi.

Fomu ziko mezani kwa mweka hazina. Kwa watakaogombea nafasi ya katibu, majina yapokelewe kabla ya chakula.

Naomba kutoa hoja.

Mwenyekiti