Citizen Kane haikuzaliwa kileleni

Mhariri,

Mwandishi wenu amekasirika. Anadai orodha ya filamu bora za wakati wote, ile ambayo jarida la Sight and Sound la Uingereza huitoa kila baada ya miaka kumi kwa kura za wahakiki, iliharibiwa mwaka 2022 pale Jeanne Dielman ya Chantal Akerman ilipoibuka ya kwanza, na kwamba heshima ingerudi kama Citizen Kane ya Orson Welles ingerudishiwa kiti chake cha juu.

Nakiri filamu hiyo ya Akerman ilinishinda mara ya kwanza. Ni saa tatu na dakika 21, na mimi nilisinzia mama wa watu akimenya viazi. Lakini kiti anacholilia mwandishi hakikuwa cha Citizen Kane tangu mwanzo. Kura ya kwanza, mwaka 1952, iliongozwa na Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica. Citizen Kane, ya mwaka 1941, haikuingia hata kumi bora. Ilipanda kileleni 1962 na kukaa huko hadi Vertigo ya Alfred Hitchcock ilipoiondoa 2012. Vertigo nayo, iliyotoka 1958, ilisubiri hadi 1982 kuonekana kwenye kumi bora. Filamu ni zilezile. Waliobadilika ni wapigakura: 63 mwaka 1952, 846 mwaka 2012, zaidi ya 1,600 mwaka 2022. Ukiongeza watu mezani, usishangae sahani ikiagizwa nyingine.

Analalamika pia kwamba filamu za juzi hazistahili kuwamo, akitaja Portrait of a Lady on Fire ya 2019. Ile ya De Sica ilikuwa na miaka minne ilipotawazwa.

Jambo ambalo hakuligusa kabisa ni hesabu yenyewe. Kila mhakiki hutaja filamu kumi, na kila moja hupata kura moja, iwe ndiyo kipenzi cha maisha yake au ile aliyoiongeza mwishoni kujaza nafasi. Mwaka 2012 Vertigo ilishinda kwa kura 191. Yaani zaidi ya robo tatu ya wahakiki hawakuitaja popote! Huyo ndiye bingwa tunayegombania.

Mimi dukuduku langu liko kwingine. Katika filamu 100 bora za orodha ya 2022, za waongozaji Waafrika ni mbili tu: Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty na La Noire de... ya Ousmane Sembène, wote wa Senegal. Bara zima! Siamini kwamba wahakiki 1,600 walikaa wakazipima nyingine zote wakazikuta nyepesi. Mtu hupigia kura alichokiona, na filamu nyingi za Kiafrika hazionekani kwa sababu kopi zimechakaa au zimefungiwa mahali. Touki Bouki, ya mwaka 1973, ilikarabatiwa 2008 na taasisi aliyoianzisha mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese, na tangu hapo imewafikia watu ambao zamani wangeisikia kwa jina tu.

Kwa hiyo nina ombi. Mkiandika tena kuhusu orodha hii, tuchapishieni kura za wahakiki mmoja mmoja, maana jarida lenyewe huziweka wazi. Filamu iliyotajwa na mtu mmoja pekee kati ya 1,600 ndiyo ninayotaka kuitafuta wikendi hii. Ya kwanza nimeshaiona, mara mbili, na mara ya pili sikusinzia.

Msomaji wenu,
Mpenzi wa filamu