Mheshimiwa Waziri, daftari la diakonia limejaa

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,

Kwa heshima zote, anayekuandikia ni mhazini wa kanisa, si mchungaji wala askofu. Kazi yangu ni daftari: sadaka iliyoingia, fedha ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, iliyotoka. Juzi ulisema makanisa yabaki madhabahuni, hesabu za nchi yawaachie wataalamu. Sikukasirika. Nilikwenda kufungua daftari.

Zamani ukurasa wa diakonia ulikuwa na yatima wawili watatu, mjane, labda nauli ya mgonjwa. Siku hizi umejaa dawa. Mtu amepimwa, ameandikiwa, dirisha la dawa halina kitu, anaambiwa akanunue nje. Hana, basi anakuja kwetu. Wapo pia waliokuja kuomba tuwachangie deni la hospitali ili wapewe mwili wa marehemu wao wakazike. Nilipoyaandika hayo, Mheshimiwa, nilikuwa nafanya siasa?

Kapu la sadaka halitaziba pengo la bajeti, hata tukilizungusha mara tatu kwa ibada moja. Ndiyo maana tunauliza fedha zinakwenda wapi, na jibu tunalopewa kila mwaka ni lile lile: madeni.

Kanisa halijaanza leo kuyasoma madeni. Mei 1998, wakuu wa nchi tajiri walipokutana Birmingham, watu wapatao 70,000, wengi wao waumini, walishikana mikono wakauzunguka mkutano wakidai nchi maskini zisamehewe. Kampeni yao iliitwa Jubilei 2000, jina lililotoka Walawi 25, ambako katika mwaka wa hamsini ardhi humrudia mwenyewe na aliyejiuza utumwani huachiwa. Mwaka uliofuata, huko Cologne, wakuu hao walikubali kupanua msamaha. Tanzania ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2001, nafuu ya madeni ilikuwa imechangia. Tangu hapo nchi nyingi zimekopa upya, safari hii hata kwa wanunuzi wa hatifungani, yaani hati za mkopo ambazo serikali huuza sokoni, watu ambao huwezi kuwazunguka kwa mikono kwa sababu hujui wanakaa wapi.

Ombi langu ni moja. Kabla hujatia saini mkopo mwingine, weka masharti yake hadharani: riba, muda, dhamana, na kazi ya fedha yenyewe. Anayekopa kwenye chama cha akiba na mikopo huwafuata kwanza wadhamini wake. Wadhamini wako ni sisi, na hatujaulizwa.

Najua utanijibu kwamba kanisa nalo si safi. Kweli. Afrika Kusini kuna kanisa lililotetea ubaguzi wa rangi Biblia ikiwa mkononi. Na hospitali za makanisa nazo zimewahi kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Nililisema hilo kwenye baraza la wazee na siku hiyo sikupendwa. Lakini hesabu zetu husomwa mbele ya waumini kila mwaka, na hakosi bibi mmoja wa kusimama akauliza bati zile zilinunuliwa kwa nani. Namwogopa kuliko mkaguzi.

Ukipenda kuliona daftari, nipo ofisini kila Jumatatu, nikishamaliza kuhesabu sadaka. Majina ya watu nitayafunika. Tarehe na kiasi utavisoma mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mhazini wa kanisa