Waulizeni kwanza tuliopitia mpango huo wa Uingereza

Mhariri,

Nimekuwa nikisoma gazeti lenu tangu nikiwa msichana Likoni, nikingoja baba alimalize ndipo anipe, na siku hizi nalisoma kwenye simu hapa Leicester. Miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Nimeandika leo kwa sababu ya ile ripoti yenu ya Jumapili kuhusu vijana wasio na ajira, ambamo mtaalamu mliyemhoji alisema kwamba serikali yetu ikija kuwalipa posho watu wasio na kazi, basi iige Uingereza, ambako mtu hulazimishwa kwanza kupitia mafunzo ya kumrudisha kazini. Mkaweka na picha ya watu wanacheka mbele ya kompyuta.

Mimi nilipitishwa humo. Naomba mnisikilize.

Nilikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee kwa miaka 14. Ilipofungwa mwishoni mwa 2012 nilijiandikisha kupata posho ya wasio na kazi, ambayo mwaka uliofuata ilikuwa paundi 71.70 kwa wiki. Kila baada ya wiki mbili nilikwenda ofisi ya ajira kusaini na kuonyesha daftari langu la kazi nilizoomba. Hilo sikuliona kosa. Anayekupa pesa ana haki ya kukuuliza unafanya nini, na sikuwahi kukosa hata siku moja wala kuchelewa.

Novemba 2013 ofisa aliyekuwa akinihudumia, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, alinisogezea karatasi. Wiki nne, saa 30 kwa wiki, katika duka la hisani, yaani yale maduka yanayouza nguo ambazo watu wamezitoa ili fedha ziende kwenye misaada. Nikikataa, nakatiwa posho wiki 13. Nikamuuliza nitalipwa kiasi gani. Akasema posho yangu ileile, na nauli nitarudishiwa. Chukueni kalamu mpige hesabu: 71.70 ukigawanya kwa 30 unapata paundi 2 na peni 39 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara kwa mujibu wa sheria yao wenyewe kilikuwa paundi 6.31. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimepikia wazee 40 mara tatu kwa siku, cheti cha usafi wa chakula ninacho, basi nipelekeni jikoni hata iwe bure. Akatazama kompyuta yake, akasema kwenye orodha hakuna jiko.

Nikaenda. Nyuma ya duka palikuwa na chumba kisicho na dirisha, mifuko myeusi imepangwa hadi darini. Kazi yetu ilikuwa kuifungua, kuchambua nguo, zile nzuri tuzipige mvuke, tuzitundike na kuzibandika bei. Unatia mkono mfukoni mwa koti la mtu usiyemjua na kutoa tikiti ya basi, leso iliyokauka, peremende iliyogandana na karatasi yake. Siku moja nilitoa sweta la shule la mtoto, jina lake limeshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola, mshono wa mkono, mtu alikaa akaushona kwa subira. Nguo zisizofaa kuuzwa hapo tulizijaza kwenye magunia, na kila Jumatano lori lilikuja kuyachukua. Zilikuwa zinauzwa kwa kilo.

Zinakokwenda nilikuwa najua. Dada yangu anauza mitumba soko la Kongowea, Mombasa. Jioni moja ya siku hizo alinipigia kulalamika kwamba belo alilofungua halikuwa na kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, hata kidogo, ni fagia tupu, zile za mwisho kabisa, mashati yamekatika kola, na bei ya belo imepanda tena. Nilikaa na simu sikioni nisijue la kumjibu. Duka lilipata chake. Mwenye lori alipata chake, na mwenye kiwanda cha kufunga belo, na mwenye meli, na bandari ikatoza ushuru. Hata dada yangu, kwa shida zake zote, akiuza shati anaondoka na shilingi mbili tatu za kununulia samaki. Safari yote hiyo, kutoka kabati la Mwingereza hadi meza ya Kongowea, aliyekosa ujira ni yule aliyesimama saa sita kwa siku akichambua, kwa sababu ameambiwa anafundishwa kazi. Mimi nimefua, nimekunja na kupiga pasi nguo tangu nina miaka saba. Nilifundishwa nini pale?

Sasa sikilizeni lililonipata wiki ya tatu, maana ndilo lililonitoa usingizi Jumapili usiku baada ya kusoma ripoti yenu. Shule moja ya msingi ilinipigia simu. Mpishi wao alikuwa mgonjwa, walitaka mtu wa siku mbili, kwa mshahara kamili. Nilikuwa nimewaombea kazi miezi minne kabla. Nikamwambia msimamizi wa duka, mama mmoja mtu mzima mwenye utu, naye akaandika kwenye kitabu cha mahudhurio mbele ya macho yangu, akasema nenda, kazi ndiyo tunayotaka uipate. Nikaenda nikapika. Nilipokwenda kusaini niliitangaza pesa hiyo yote. Wakaniachia paundi 5 kama sheria ilivyosema, iliyobaki wakaikata kwenye posho, na sikuteta. Siku ya tatu nilikuwa nimerudi dukani kwenye mifuko yangu. Siku tisa baadaye, Ijumaa saa kumi jioni, ikaingia barua: nimekatiwa posho wiki 13 kwa kukosa siku mbili bila sababu ya msingi. Kukosa kazi isiyo na mshahara kwa sababu nilikuwa kwenye kazi yenye mshahara! Nilipiga simu nikawekewa muziki mpaka salio likaisha, na ofisi ikafungwa hadi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa kwamba mwenye duka si wa kunipa ruhusa, na kwamba kitabu cha mahudhurio wao hawakioni. Nikauliza nile nini. Wakanieleza kuna malipo ya dhiki, asilimia 60 ya posho, lakini mtu kama mimi asiye na mtoto mdogo wala ugonjwa husubiri wiki mbili kwanza. Kabla ya hizo wiki mbili kwisha ikaja barua nyingine kutoka halmashauri ya mji, msaada wa kodi ya nyumba nao umesimama, kwa kuwa kompyuta zao ziliona posho imekatika zikadhani nimeondoka. Mimi niliyelisha watu maisha yangu yote nilisimama foleni kanisani na vocha mkononi kupewa chakula cha siku tatu. Walinipokea kwa heshima na Mungu awalipe. Makopo mawili yalikuwa ya nyama ya nguruwe, nikayarudisha mezani polepole ili yule kijana aliyefungasha asione vibaya.

Wiki ya saba walibadilisha uamuzi baada ya mimi kuandika kuomba ufikiriwe upya. Barua ya mistari miwili. Fedha zikarudishwa, samahani haikuwemo. Na kazi? Niliipata Februari katika shule ileile iliyonipigia simu, na ndipo ninapopika mpaka leo. Wiki nne za mifuko hazikunisogeza hata hatua moja kuifikia, kidogo zinipokonye.

Mtaalamu wenu atasema huyu mama ana kisirani, yake ni bahati mbaya. Basi asome yaliyo wazi. Cait Reilly, msichana wa Birmingham aliyesomea jiolojia, alikuwa akijitolea kwenye makumbusho mwaka 2011 alipolazimishwa kuacha na kwenda kufanya kazi bila mshahara katika duka la Poundland kwa tishio la kunyimwa posho. Jamieson Wilson, dereva wa malori, alikataa kusafisha samani kuukuu kwa miezi sita bila malipo, akakatiwa. Wakaenda mahakamani, na Februari 2013 mahakama ya rufaa ikasema kanuni zilizotumika kuwalazimisha zilitungwa kinyume cha sheria. Serikali ilifanya nini? Mwezi wa Machi ilipitisha bungeni sheria inayorudi nyuma, ili waliokatiwa wasidai chao. Tena utafiti wa wizara yao ya kazi yenyewe, uliochapishwa Juni 2012, ulionyesha kwamba mpango wa lazima wa wiki nne, huo niliopitia mimi, haukumwongezea mtu nafasi ya kupata kazi. Matokeo hayo yakatoka, na wakati huohuo mpango ukapanuliwa. Mimi nilipelekwa mwaka mmoja na nusu baada ya wao kujua kwamba haufai. Mwaka 2016 waliufuta. Adhabu ya kukatiwa, ambayo kwa makosa ya kurudia ilifika miaka mitatu, ilibidi waipunguze mwaka 2019 iwe miezi sita. Mnatuletea Kenya kitu ambacho wenyewe wamekitupa.

Na jambo jingine ambalo hamkuligusa. Siku hizi posho ya hapa huombwa mtandaoni, na unatakiwa kuonyesha humo kwamba unatafuta kazi hadi saa 35 kwa wiki. Asiye na kompyuta aende maktaba, na maktaba nyingi zimefungwa au zimepunguziwa saa. Niliwahi kukaa kando ya mzee mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha soksi miaka 30, vidole vinene, akitafuta herufi moja moja kwenye kibodi hadi muda wake ukaisha na fomu ikafutika yote. Nikamwandikia mimi kwa muda wangu. Sasa nasikia na huko nyumbani kila kitu kimehamia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mjomba wangu, mvuvi, anamlipa kijana wa saiba kila anapohitaji karatasi yake mwenyewe, na nywila yake anaijua kijana yule. Nani atamjazia fomu ya posho siku itakapokuja?

Sijasema watu wakae bure. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mtu akifanya kazi mkono wake usirudi mtupu. Vijana wa Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali ya Kenya wa vibarua, walizibua mitaro yetu mwaka 2020 na, pamoja na malalamiko ya kucheleweshewa, walikuwa na ujira wa kudai. Kama posho itakuja Kenya, ninayoyataka ni haya. Kila saa mtu anayopelekwa kufanya kazi ilipwe kima cha chini cha mshahara kuanzia saa ya kwanza. Mpishi apelekwe jikoni, fundi apelekwe karakana. Anayepata kibarua cha siku mbili aruhusiwe kukifanya kwa neno la msimamizi aliye naye pale, si la ofisi iliyo mbali. Asikatiwe mtu yeyote kabla ya ofisa kuketi naye ana kwa ana na kumuuliza kilichotokea. Na barua ya kukatiwa isifike Ijumaa. Ifike Jumatatu asubuhi, ikiwa na namba ya simu ya bure na jina la mtu atakayeipokea.

Katika ripoti yenu neno mafunzo mmeliandika mara tano, nimehesabu. Naomba mlisahihishe katika toleo lijalo mwandike kazi bila mshahara, na mtaalamu wenu akitaka kuiona barua ile ya wiki 13 nimeihifadhi, nitawatumia picha yake.

Mpishi wa shule,
Leicester, zamani Likoni