Tumbo si suruali, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu enzi linafika Dodoma saa kumi jioni na basi la Dar na sijawahi kukuandikia hata mara moja, ila ile habari yenu ya Jumapili ya yule mama aliyepungua mpaka kabadilisha kabati zima la nguo imenishinda. Ukurasa mzima, picha ya kabla na ya baada! Halafu mmechanganya puto la kupunguza unene na upasuaji wa tumbo kama vile ni pacha. Puto hukatwi, linaingizwa tumboni, linajazwa, baada ya miezi sita hivi linatolewa. Upasuaji ukishakatwa umekatwa.

Wifi yangu, mke wa kaka, alifanyiwa ule wa baipasi, tumbo linakatwa libaki dogo na kuunganishwa na utumbo, huko India miaka mitatu iliyopita. Sisemi ni mbaya, ulimsaidia sana tu. Alikuwa na kilo 131, sukari, presha, usiku anakoroma mpaka pumzi inakata, tunakaa tunamsikilizia. Miezi michache baadaye vidonge vya sukari vikasimamishwa na magoti yakaacha kulalamika. Kwa mtu mwenye BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya 40, au 35 na sukari juu yake, mi siwezi kumwambia asifanye.

Ila nyie mkaishia kwenye gauni jipya. Mbona hamkusema tumbo linalobaki linakaribia yai la kuku? Mwezi wa pili baada ya upasuaji tulikuwa msibani Kongwa, mama yangu akamsogezea wifi ugali wa uwele na mlenda, "kula mkwe wangu, au chakula chetu unakidharau?" Akameza tonge la kwanza, la pili, la tatu likakwama. Nilimkuta nyuma ya tanki la maji kashika ukuta, kitenge kimeloa jasho, anatapika povu, na wamama waliokuwa wanaosha vyombo wameshagawana kabisa, hawa wanasema mimba, wale wanasema ana ule ugonjwa, maana huku kwetu ukinenepa umependeza na ukikonda unaumwa. Tena hayo ni madogo. Alirudi na makopo ya vitamini akadhani ni dozi, yameisha basi, na mwaka wa pili miguu ikaanza ganzi, nywele zinabaki kwenye kitana, akienda soko la Majengo anashikilia meza za watu kwa kizunguzungu. Zahanati moja wakampa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo mtu wa baipasi anatakiwa aikimbie kwa sababu inachimba vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Daktari wa tatu ndo kauliza, "mama, vitamini unameza?" Damu chini, vitamini B12 chini. Kumbe B12, chuma na kalsiamu ni za maisha na damu inapimwa kila mwaka! Hiyo gharama mmeiandika wapi? Wala hamkugusa kwamba kiungio kinaweza kuvuja, damu kuganda mguuni ikapanda mapafuni, mawe kwenye nyongo, au kwamba mwanamke asubiri mwaka mpaka mwaka na nusu ndo abebe mimba. Na kilo zinaweza kurudi, mtakuja kumpiga picha tena?

Halafu hivi nani anatunenepesha? Ofisini kwetu juzi semina ya magonjwa yasiyoambukiza, saa nne asubuhi supu, chapati mbili, sambusa, yai na soda. Soda! Wifi na tumbo lake hilo la baipasi alionja nusu chupa harusini, moyo ukamwenda mbio, jasho, akakimbilia choo. Ukisema jioni utembee, njia ya waenda kwa miguu Area D zimepaki bodaboda na mama wa chipsi kaweka jiko katikati, unatembea barabarani unapigiwa honi kama mbuzi.

Sasa ombi langu. Picha ya baada mkiitoa tena, pembeni yake kwa ukubwa uleule wekeni makopo ya vitamini na risiti zake za mwaka. Na mwandishi wenu apande SGR aje Dodoma, nauli daraja la kawaida nalipa mimi, tumkalishe msibani ale kama wifi, vijiko vitano kwa nusu saa, bila maji, huku mama yangu anamwangalia.

Msomaji wa siku nyingi,
Chang'ombe, Dodoma