RISALA YA KLABU YA ELEKTRONIKI KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAONESHO YA SAYANSI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima tunakukaribisha mezani petu, ambapo taa ya volti 12 inawashwa na kuzimwa kwa rimoti. Umeme wa ukutani wa volti 230 hatuugusi. Bredibodi, yaani ubao wa kuchomeka vifaa bila kulehemu, haikutengenezwa kwa ajili yake.

Vifaa ni vichache: Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha programu yetu), kipokezi cha VS1838B pamoja na rimoti yake ndogo, rilei ya volti 5 (swichi inayovutwa kwa umeme), rezista ya omu 100 (hupunguza mkondo) na kapasita ya mikrofaradi 4.7 (huhifadhi chaji kidogo). Rimoti hupepesa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, mara 38,000 kwa sekunde. Katika itifaki ya NEC, yaani kanuni za mawasiliano ya rimoti hii, ujumbe huanza na mpigo (mpepeso mfululizo) wa milisekunde 9 na kimya cha 4.5, kisha biti 32, kila moja ikiwa sifuri au moja: kimya kifupi baada ya mpigo ni sifuri, kirefu cha milisekunde 1.7 hivi ni moja.

Mheshimiwa, kazi kubwa ni kusaka hitilafu. Rilei inapovuta, volti hushuka na kipokezi hutoa ishara za uongo. Ndiyo maana, ili kutuliza umeme wa kipokezi, rezista hukaa kwenye waya chanya na kapasita kati ya chanya na hasi, karibu kabisa na miguu ya kipokezi. Mpangilio wa miguu hiyo hutofautiana kwa modeli. Ukigeuza chanya na hasi, kipokezi kinaweza kuungua. Jua kali la dirishani nalo hukipofusha.

Linalowasumbua zaidi wanaoanza ni kitufe kinachoshikiliwa. Rimoti hairudii biti zote. Hutuma alama ya kurudia kila milisekunde 110 hivi. Programu isiyoitenga alama hiyo inaweza kuwasha na kuzima taa mfululizo. Vilevile, kodi za vitufe zilizosomwa kwa matoleo ya zamani ya maktaba ya IRremote (programu iliyo tayari ya kusoma rimoti) hazilingani na za toleo la 3, kwa kuwa mpangilio wa biti umegeuzwa. Zisomwe upya. Na rimoti ikionekana imekufa, itazameni kwanza kwa kamera ya simu. Kamera nyingi huuona mwanga wake.

Ombi letu ni moja. Multimita hupima volti, lakini haionyeshi mpigo wa milisekunde moja. Tunaomba oskiloskopu ndogo, kifaa kinachochora volti kadiri muda unavyopita, ya njia mbili: moja iunganishwe kwenye mguu wa ishara, nyingine kwenye umeme wa kipokezi, ili mwanafunzi aone volti zikishuka papo hapo rilei inapovuta.

Tunaomba kuwasilisha.