Shelfu ya buti la gari: barua kwa shoga yangu aliyeko Dar

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu wee,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wamefunga shule na nyumba haikaliki. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza hadi mwisho, na pale uliposema mchuzi ulipanda juu ya trei ya sambusa butini nilicheka, nisamehe, kisha nikakuonea huruma.

Umeniomba picha ya shelfu ya kwenye RAV4 yangu. Nitakutumia, ila nikikupa picha peke yake utampelekea fundi, naye ataiga sura tu: ubao juu, miguu chini, basi. Kinachoifanya shelfu itulie garini kimejificha kwa ndani na hakionekani pichani, ndiyo maana nakuandikia. Tena mimi nabeba vitenge na madera, wewe unabeba pilau ya shughuli. Ukichukua vipimo vyangu vilivyo, utajuta.

Anza na kimo. Toa hotipoti lako kubwa kuliko yote, weka kifuniko, pima, ongeza sentimita tatu au nne ili mkono upite. Hicho ndicho kimo cha shelfu yako. Halafu nenda kwenye gari ukaangalie kitu kingine: vyote viwili kwa pamoja, shelfu na vitakavyokaa juu yake, visipite kichwa cha mgongo wa siti ya nyuma. Vikipita, kwanza kioo cha kati hakikuonyeshi kitu, na pili gari likifunga breki ghafla vitaruka juu ya siti na kutua kwa walio mbele. Kama hotipoti linakula kimo chote, basi juu ya shelfu patakuwa pa vitu vifupi tu, kama trei, vikombe na vitambaa vya meza. Kubali hivyo hivyo, usiongeze hata inchi.

Upana na kina usipime kwa futi ya kupimia pekee. Ubavuni mwa buti plastiki imetuna kufunika matairi, na futi haikwambii imetuna wapi. Chukua boksi la televisheni au la friji, likate, liingize, lipunguze kidogo kidogo mpaka likae. Hilo boksi ndilo utakalompa fundi. Na kabla hujampa, lisimamishe ndani na ufunge mlango. Kioo cha nyuma cha gari lako kimelalia mbele, kwa hiyo juu pana nafasi ndogo kuliko chini. Sufuria linaloonekana limekaa vizuri pembeni mwa shelfu linaweza kugongwa na kioo mlango ukishuka.

Sasa mbao. Ukienda Keko kwa maseremala utaonyeshwa mninga, na mninga ni mzuri, sikatai, lakini ubao wa inchi moja una unene mara mbili ya plaiwudi ya milimita 12, na uzito nao hivyo hivyo. Gari halihitaji kabati la sebuleni. Chipbodi usiiguse, inashiba maji na skrubu zinang'oka. Wewe chukua marini bodi ya milimita 12, ile ya kahawia wanayopangia chini wakimwaga zege la slabu. Ina ngozi laini isiyoshika mafuta, unaipangusa kwa kitambaa chenye sabuni na inarudi safi. Mimi nilitumia plaiwudi ya kawaida nikaibandikia kapeti, maana vitenge havimwagiki. Kapeti na mchuzi wa nazi haviivani, utalia kwa harufu.

Shiti nzima ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, na ya milimita 12 ina uzito wa kama kilo 20. Ya kwangu ina upana wa 95, kina 70 na kimo 30. Fundi alichana kipande kirefu cha upana wa 70, na humo humo akapata ubao wa juu wa 95 na nguzo tatu za 30 kila moja, mbili za pembeni na moja ya katikati. Ukijumlisha ni 185 tu, kwa hiyo kikabaki kipande. Upande wa pili wa shiti ukabaki mkanda wa upana wa 52, humo tukakata ubao wa mgongo wa 95 kwa 30 na ukingo wa kuzuia vitu visiteleze. Shelfu yote ikawa kama kilo 11, naibeba mwenyewe bila kuita mtu. Ingekuwa ya milimita 18 ingefika 16, na kwa mizigo yetu hakuna sababu.

Nguzo ya katikati usiruhusu iondolewe. Fundi atakwambia anakuachia nafasi kubwa chini ili mahotipoti yaingie kirahisi. Bila hiyo nguzo ubao wa juu unabaki na sentimita 95 zisizo na egemeo, na baada ya miezi michache utaona umelegea tumboni. Kama mahotipoti yako ni mapana, isogeze upande mmoja ili chumba kimoja kiwe kikubwa na kingine kidogo, lakini iwepo. Na ubao wa mgongo nao ni hivyo hivyo. Watu huuacha kwa kubana pesa, kumbe ndio unaozuia shelfu isilale ubavu kila unapokata kona.

Kwenye maungio, asipige skrubu moja kwa moja kwenye unene wa plaiwudi, itapasuka. Ndani ya kila kona aweke kipande cha mbao cha inchi 2 kwa 2, apake gundi ya mbao, atoboe kwanza kwa drili nyembamba, ndipo akaze skrubu ya milimita 35. Misumari hapana. Gari linatikisika siku nzima, na msumari unatoka wenyewe taratibu. Kingo zote zilizokatwa zipakwe vanishi mara mbili, maana ngozi ya marini inalinda uso tu, maji yanaingilia pembeni.

Nije kwenye jambo ninalotaka usome mara mbili. Shelfu yako itafungwaje kwenye gari?

Nimeona za watu wengi, wamejenga vizuri, wamepaka rangi, halafu wameiweka tu butini kama meza, eti ni nzito haiendi popote. Hebu fanya hesabu hii na mimi. Gari likigonga kitu likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, kitu kisichofungwa kinaendelea na mwendo ule ule mpaka kikute cha kukizuia. Mwendo huo ni sawa na wa kitu kilichodondoka kutoka kimo cha mita 10, ghorofa ya tatu. Kwenye kilomita 80 ni mita 25. Sasa fikiria shelfu yenyewe, sufuria la pilau la kilo 15, na rundo la sahani, vyote vinaelekea kwenye migongo ya siti ambayo wanao wameegemea. Mimi nilipoielewa hesabu hiyo niliacha kuona mikanda ya kufungia kama mapambo.

Angalia sakafuni mwa buti, aghalabu kuna pete za chuma kwenye kona, wakati mwingine zimefunikwa na kapeti. Hizo zimekazwa kwenye bodi la gari na ndizo za kufungia. Vile vindoano vya plastiki vya ubavuni ni vya mifuko ya sokoni, visikudanganye. Kwenye nguzo za shelfu, chini kabisa, fundi aweke chuma cha kona kwa bolti inayopenya ubao mzima, upande wa pili kuwe na washa pana na nati. Skrubu hapo hazifai. Kisha kutoka kila chuma hadi pete yake pita na mkanda wa mizigo, ule wenye kitasa cha kukazia, ukaze mpaka shelfu ikitikiswa gari lote linatikisika.

Fundi akikwambia atatoboa sakafu ya gari apitishe bolti, mkatalie. Chini ya sakafu zinapita nyaya na mabomba ya breki, na tangi la mafuta haliko mbali. Isitoshe X-Trail yako ina tairi la akiba chini ya hiyo sakafu. Mimi nimepona, la kwangu limening'inia mlangoni. Wewe ukipata pancha itabidi upakue chakula, ufungue mikanda, utoe shelfu, ndipo ufike kwenye tairi. Nimefikiria sana kama kuna ujanja na sijauona. Cha kufanya ni kuhamishia jeki na spana ya tairi chini ya siti ya mbele, na uwe na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari, maana pancha ya msumari mara nyingi inakufikisha kwa fundi ukijaza upepo.

Kupanga sasa. Najua utataka kuweka sahani juu kwa kuogopa zisivunjike. Zipime kwanza. Sahani moja ya udongo inakaribia nusu kilo, kwa hiyo 80 ni kilo 40, zaidi ya pilau lenyewe. Zikae chini, zisukumwe mpaka ziguse ubao wa mgongo, upande wa siti, na matambara katikati. Mchuzi na juisi navyo chini, kwa sababu kinachoweza kumwagika kikikaa juu kitakimwagikia kila kilicho chini yake. Juu weka sambusa, chapati, bilauri za plastiki, vitambaa. Marini inateleza, kwa hiyo tandika kipande cha mpira wa sakafuni, na ukingo wa upande wa siti uwe mrefu kuliko wa mlangoni. Wavu wa kufunika juu unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari, nunua.

Boksi ukishalikata lipige picha likiwa ndani ya gari, pamoja na futi, unitumie kabla fundi hajagusa msumeno. Msalimie mama, mwambie zile ndimu alizoagiza zinakuja na basi la Jumatano.

Wako akupendaye,
shoga yako wa Tanga

N.B. Ule mtungi wa gesi wa kilo 6 unaobeba kwenye shughuli usiuingize chini ya shelfu hata kama unaenea. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, na mle chini kwenye vyumba vya mbao ndipo itakapojikusanya. Usimamishe wima pembeni, umefungwa kwa mkanda wake, vali imefungwa, vioo vya gari viwe wazi kidogo. Na ukifika, ushushe kabla ya chakula.