Mafuta ya cherehani sio dawa ya piano

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni toka masika.

Mimi ni seremala hapa Ngamiani, vitanda na makabati ndo kazi yangu, piano nimeingilia mlango wa nyuma tu, marehemu mzee wangu alikuwa anamsaidia fundi mmoja na mi nikawa namshikia tochi.

Sasa kuna kanisa moja hapa Tanga wana piano ya kusimama, ya zamani kweli, kii 85 sio 88 kama za siku hizi. Kii zikaanza kunata, ukibonyeza inazama hairudi. Akaitwa fundi, akafungua, akamwaga mafuta ya cherehani humo ndani, wiki mbili mambo safi kalipwa hela yake kaenda zake, mvua zilivyokolea ikawa mbaya kuliko mwanzo na kamati wakaanza kuongelea kuiuza mbao. Ndo nikaitwa.

Jamani, ukibonyeza kii, ndani kuna kinyundo kinapiga waya ndo sauti inatoka, na ile pini ya nyundo inazunguka ndani ya kitambaa cha sufu, kidogo sana. Kikinywa mafuta kinavimba, halafu vumbi linagandia humo mpaka panakuwa kama gundi. Na unyevu wa bahari hapa kwetu mnaujua, hata chumvi ya mezani haimwagiki. Kama pini imekaza kwa unyevu tu, tone la spiriti na maji linatosha, kitambaa kikikauka kinasinyaa. Ikiwa imelegea, nyundo inayumba mpaka inagonga waya wa jirani, unaitoa pini unaweka nene zaidi, unene wa unywele tu, ukizidisha umerudi kulekule kwenye kunata.

Ila alichokiruka yule bwana ni mikanda. Kwenye piano ya kusimama nyundo inapiga kwenda mbele, hairudi kwa uzito wake, inarudishwa na springi na kamkanda kembamba kanasaidia kuivuta, ncha yake imechomekwa kwenye kiwaya. Kila kii na kamkanda kake. Nilivyogusa ka kwanza kakakatika kama karatasi iliyoungua, ka pili hivyohivyo, nikasema basi, yote 85. Fundi viatu wa barazani kwetu akanikatia ngozi laini, nikabandika kamoja kamoja siku nne mgongo umepinda, mama watoto akaja mlangoni akaniuliza, "Baba Mwanaidi, we umebatizwa lini?"

Nyundo zenyewe waya zilishazichimba mifereji. Hizo ni msasa uliobandikwa kwenye kijiti, unatoka mabegani kwenda kwenye ncha, taratibu, ile shepu ya yai isipotee, la sivyo sauti inakuwa bapa. Zilizoliwa na nondo sikuzigusa, hapo msasa haufanyi kitu.

Ya mafuta kwenye vitambaa nilikausha kwa spiriti nikachoka, mengine ikabidi nitoe kitambaa chenyewe niweke kipya.

Sasa hivi inapigwa kila Jumapili ila nyundo 2 za besi hazifai kabisa. Kwa hiyo Mhariri, kama kuna msomaji Tanga, Muheza au Korogwe ana piano iliyokufa stoo, asiichome na asiwape watoto zile nyundo wachezee, aache ujumbe hapo gazetini nitaifuata mwenyewe.

Seremala, Ngamiani, Tanga